Maeneo ya umma yatengwe kabla ya nyumba kujengwa

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu mjadala wa ukuaji wa Jiji la Mbeya na ardhi inayopaswa kutengwa kwa ajili ya shule, zahanati, makaburi na viwanja vya wazi. Wapo wanaosema kanuni hizo zinamnyima mwenye shamba haki yake. Mimi naona hasara kubwa inatokana na kuchelewa. Tazama mitaa iliyopanda milimani: nyumba zilitangulia, barabara ikaja baadaye kwa kubomoa kuta za watu, na watoto wanacheza mpira njiani huku wakipisha bajaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe kandokando ya mito, lakini kingo zetu zimelimwa mchicha hadi majini. (Mchicha wenyewe tunaula, sikatai.)

Nashauri halmashauri ipime maeneo ya pembezoni kabla hayajauzwa vipande vipande. Mwenye shamba alipwe fidia, au aachiwe sehemu ya viwanja vilivyopimwa. Ramani nayo ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa, mnunuzi aione kabla hajatoa fedha.

Mkazi wa Uyole,
Mbeya