Barua kwa Mwanangu Aliyeanza Kujishonea Nguo

Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi nyumbani tu wazima, na mama yako pamoja na nyanya yako wanakusalimu sana. Barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani. Umenieleza kwamba umepata cherehani ya kukanyaga kwa mguu huko Nairobi, kwamba umeanza kuchora magauni yako mwenyewe, na kwamba ungependa nikwambie pa kuanzia, kwa kuwa umeniona tangu utotoni nikijishonea kanzu na mashati jioni nikishatoka kazini. Nimeitazama michoro yako yote kwa makini. Una jicho zuri la rangi, na mabega umeyachora kama mtu anayejua jinsi nguo inavyokaa mwilini. Lakini hakuna hata mchoro mmoja ulioonyesha mshono unapita wapi, wala ni kitambaa gani ulichokuwa ukikifikiria. Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Ubunifu wa nguo, kwa jinsi ninavyouelewa mimi, umo kwanza katika mkato, na mkato hutokana na tabia ya kitambaa. Nakshi, vifungo na mapambo mengine huja mwisho.

Kabla hujanunua hata robo mita ya kitambaa, ichukue ile kanzu yangu ya zamani uliyoondoka nayo, igeuze ndani nje, itandaze kitandani, kisha uisome mshono kwa mshono. Utaona vipande viwili virefu, cha mbele na cha nyuma, ambavyo huitwa badani. Ubavuni, kuanzia chini ya kwapa hadi kwenye pindo, kuna vipande vilivyo vyembamba juu na vipana chini. Hizo ndizo taharizi, na kazi yake ni kuipa kanzu nafasi ya hatua bila kuipanua kifuani. Chini ya kwapa utakuta kipande kidogo cha pembe nne, nacho ni kikwapa. Shingoni, upande wa ndani, kuna kaba inayoimarisha ukingo wa shingo, na mwisho wa mikono kuna sijafu. Vichore vipande hivyo kimoja kimoja kwenye karatasi, nawe utaona kwamba, ukiondoa tundu la shingo, karibu mistari yote imenyooka.

Unyoofu huo una sababu yake. Kitambaa cha kufumwa hutoka kwenye kitanda cha mfumi kikiwa kimenyooka, chenye mtande unaokwenda kwa urefu na mshindio unaokatiza kwa upana, na mtu aliyekinunua kwa gharama kubwa hakutaka kutupa hata kipande cha kiganja. Katika karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Marekani, hasa za kutoka Salem katika jimbo la Massachusetts, zilileta Unguja kitambaa cha pamba isiyopaushwa ambacho pwani yote ilikiita merikani, na kitambaa cha namna hiyo kilikuwa mali. Mkato wa vipande vilivyonyooka unakitumia karibu chote. Wewe unayejifunza peke yako chumbani utafaidika nao kwa sababu nyingine pia: mstari ulionyooka ni rahisi kuupima, ni rahisi kuukata, na ukikosea ni rahisi kuufumua.

Tazama jinsi kikwapa kinavyofanya kazi, kwa maana sijaona kitu katika ushonaji kinachonipendeza zaidi. Mkono wa kanzu umeungwa na badani kwa mstari ulionyooka, bila ule mviringo wa bega unaouona katika shati la dukani. Bila kikwapa, mtu akiinua mkono kanzu yote ingepanda, na mshono wa kwapani ungechanika. Kile kipande cha pembe nne kimewekwa kwa namna ambayo, mkono unapoinuka, kinafunguka kutoka pembe hadi pembe, yaani kwa hanamu, na kitambaa kikivutwa kwa hanamu hunyumbuka ilhali kikivutwa kwa mtande au kwa mshindio hukaza. Unapokishona, tia alama ya chaki mahali hasa pembe inapokutana na mshono. Ukifika kwenye alama hiyo, simamisha cherehani sindano ikiwa imezama ndani ya kitambaa, inua kile chuma kinachokandamiza, geuza kitambaa, teremsha chuma, kisha uendelee. Ukipita alama kwa mshono mmoja tu utapata mkunjo ambao pasi haitauondoa, na ukiikosa kwa mshono mmoja utapata tundu.

Sasa, ukishaujua mkato huu, gauni la mchoro wako wa tatu, lile la kijani, tayari unalo mkononi. Fupisha badani, na taharizi zianzie kiunoni badala ya kwapani, nalo litabana juu na kufunguka chini kama ulivyolichora. Zifanye taharizi kuwa pana zaidi, na pindo litachezacheza unapotembea. Ziondoe kabisa, uache mpasuo ubavuni, na hiyo ni blauzi. Nakusihi ubadilishe jambo moja tu kwa kila nguo, ili itakapokuja vizuri ujue kilichoileta, na itakapokaa vibaya ujue pa kurekebisha.

Taharizi zenyewe hukatwa mbili kutoka kipande kimoja cha mstatili, kwa kukipasua mshazari na kukigeuza kimoja kichwa chini. Kila moja hubaki na ubavu mmoja ulionyooka na mwingine wa mshazari. Ule wa mshazari hurefuka ukiushikashika, kwa hiyo uweke chini unaposhona, ulionyooka uwe juu, na usiuvute. Acha cherehani yenyewe ivute kitambaa. Ukimaliza, usikimbilie kukunja pindo. Tundika gauni kwenye hanga usiku kucha, kwani sehemu za mshazari zitashuka kwa uzito wake, kisha asubuhi livae, simama wima, mwombe mwenzako apime kutoka sakafuni kwenda juu kuzunguka pindo lote, na hapo ndipo ukate na kukunja.

Kuhusu kitambaa, utakapokuja likizo tutakwenda pamoja Biashara Street, ambako nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ile ya leso zenye alama ya Mali ya Abdulla, imekuwa ikifanya biashara tangu 1887. Nitapenda ujifunze kwa vidole kabla ya macho. Shika kitambaa, kifinye ndani ya kiganja, kiachilie, utazame kama kinabaki na makunyanzi. Kama huna hakika na kilivyotengenezwa, chomoa nyuzi chache uzichome ukiwa nyumbani, juu ya sahani: pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, lakini poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa joto na unyevu wa hapa kwetu mimi sitaki kitu kingine ila pamba. Huko Nairobi, penye baridi, una uhuru zaidi. Na kitambaa chochote cha pamba kioshe, kikauke na ukipige pasi kabla ya kukikata. Kikiwa cha kurudi kwa asilimia 5, gauni ulilolikata kwa urefu wa sentimita 120 litapungua sentimita 6 mara ya kwanza utakapolifua, na hakuna pindo litakaloliokoa.

Uliuliza kama unaweza kuanza na leso. Unaweza, na pamba yake ni nyepesi, haisumbui sindano. Lakini leso inataka heshima katika kukata, maana mchoro wake tayari umepangwa. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa, chini ya mji. Upana wake ni kama mita moja na nusu na kimo chake kiasi cha mita moja na sentimita kumi, na huuzwa doti, yaani mbili zinazofanana, kwa hiyo hesabu yako ya kitambaa unaifanya kabla ya kutoa mkasi. Amua kwanza pindo litakaa wapi mwilini: wengine huliweka chini ya gauni, wengine kwenye mikono, wengine hulipitisha kifuani. Amua pia jina litasomeka wapi, kwa sababu jina lililokatwa katikati na mshono wa ubavuni linaonekana kama uzembe hata kama mishono yote ni safi. Zitandaze leso zote mbili sakafuni, weka juu yake vipande vyako vya karatasi, uvisogeze mpaka uridhike. Saa nzima ukiimalizia hapo hujaipoteza.

Na usidhani kwamba ubunifu ni wa waliosomea pekee. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani hii walizichukua leso za mkononi zilizokuwa zikiuzwa kwa jora kabla ya kutenganishwa, wakakata urefu wa leso sita, wakaugawa vipande viwili vya tatu tatu, wakaviunga ubavu kwa ubavu na kujitanda. Wafanyabiashara walipoona leso hizo zinavyopendwa, wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichopigwa nakshi kwa mtindo huo. Wale wanawake walikuwa na sindano, uzi na macho yao, nao ndio walioipa pwani vazi lake.

Cherehani yako itakusumbua mwanzoni, na itakusaidia kujua inavyofanya kazi. Sindano yake ina tundu karibu na ncha, jambo ambalo lilikuwa sehemu ya uvumbuzi wa Elias Howe aliopewa hataza Marekani mwaka 1846. Inatoboa kitambaa ikiwa na uzi wa juu, na uzi huo hunaswa na kuzungushwa kwenye uzi wa chini, ule wa bobini, mpaka nyuzi mbili zibanane katikati ya unene wa kitambaa. Ukiona vitanzi vya uzi upande wa chini, tatizo karibu kila mara liko juu: uzi haukupitishwa vizuri, au umelegea. Utoe wote uupitishe upya kabla hujagusa skrubu yoyote. Sindano nazo zina namba, ambayo ni unene wake kwa sehemu za mia za milimita, hivyo namba 90 ina unene wa milimita 0.9. Kwa leso tumia 70 au 80, kwa kaki au jinzi tumia 100, na usisubiri sindano ivunjike ndipo uibadilishe, kwani sindano butu huvuta nyuzi na kuacha mistari ambayo haifutiki.

Gauni la kwanza usilikate kwenye kitambaa kizuri. Hapa kwetu mimi huenda soko la Kongowea kutafuta mashuka ya mitumba, na hapo Nairobi soko la Gikomba litakutosheleza. Kata vipande vyako kwenye shuka, vipige bandi kwa mkono kwa mishono mirefu, vaa, keti, inama, nyoosha mkono kana kwamba unashika bomba la matatu, na uandike kwa kalamu juu ya shuka lenyewe kila mahali panapobana au kupwaya. Mwili hauhitaji nguo ya kipimo chake kamili. Unahitaji nafasi ya kupumua na kuketi. Kifuani, kwa gauni la kitambaa kisichovutika, mimi huongeza kiasi cha sentimita 8 hadi 10 juu ya kipimo cha kifua chenyewe, mbali na sentimita moja na nusu ninayoacha kila upande kwa ajili ya mshono.

Mama yako anauliza kama haya yote yatakupunguzia gharama. Nimemjibu ukweli: hayatapunguza, si mwanzoni, kwa maana blauzi ya mtumba ni rahisi kuliko kitambaa, uzi na vifungo vyake. Utakachopata ni nguo inayokaa kwenye bega lako wewe, yenye urefu wa mkono wako, yenye mfuko mahali unapoutaka, na ambayo itakapochanika utajua namna ya kuirudisha. Nami naona hilo linatosha kumfanya mtu aketi mbele ya cherehani.

Nitumie basi vipimo vyako, ulivyopimwa na mtu mwingine na si wewe mwenyewe: kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, urefu kutoka begani hadi kiunoni na kutoka kiunoni hadi chini ya goti, na unene wa mkono juu ya kiwiko. Nitakukatia karatasi za badani na taharizi nizitume kwa basi pamoja na chaki, pakiti ya sindano namba 80 na subana ya nyanya yako, ambayo amekubali mwenyewe kuitoa. Kikwapa kikate mwenyewe, na utakapokishona niandikie pembe zimekuja vipi.

Wasalaam,

Baba yako