Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, asalaam alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua: tumezikana, tumechangiana harusi, tumefukua kisima, tumegawana mbegu maji yalipopungua. Mapato, pamoja na kukodisha sufuria na viti, ni milioni moja na laki mbili. Matumizi laki tisa na themanini. Salio analo mweka hazina.

Nije kwenye suala la simu, maana maneno yamekuwa mengi vibarazani. Ni kweli, laki tatu na arobaini za turubai niliidhinisha mimi zinunue simu ndogo sita na filimbi, wakakabidhiwa kina mama sita wanaolima bondeni. Inasemwa nimependelea wanawake. Ndugu zangu, mafuriko ya Aprili yaliikumba Rufiji na sote tuliyaona. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa iliingia kwenye simu zetu wanaume, tukaijadili kwenye kahawa. Aliyekuwa dunguni, kibanda cha juu shambani, akiamia ndege ni mwanamke, na simu ya nyumba iko mfukoni mwa mumewe. Mwenzetu mmoja nilimfuata mwenyewe kwa mtumbwi. Maji yameshameza vipago vitatu vya ngazi, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga, na bado ananiuliza kama mume wake amesema aondoke. Swali lile halijanitoka.

Kimbunga cha Bangladesh cha Aprili 1991 kiliua watu wapatao 140,000. Kwa wenye miaka 20 hadi 44 walikufa wanawake 71 katika kila 1,000, na wanaume 15. Wengi walibaki nyumbani na watoto wakingoja waume. Wenzetu wale baadaye waliwaingiza wanawake kwenye kazi ya kupeleka tahadhari nyumba kwa nyumba. Nami sikuona sababu ya kungoja tuzike kwanza.

Mnalalamika sikuitisha mkutano. Niliitisha mara mbili: wa kwanza mlikuja 14, wa pili 11, kati ya wanachama 86. Akidi ni 43, na mvua zilikuwa mlangoni.

Ada inadaiwa kwa wanachama 51, jumla laki sita na elfu kumi na mbili. Baadhi ya wanaodai turubai wamo humo, nawaomba walipe.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaangalia uwezekano wa mtumbwi wa chama, na kina mama nao wafundishwe kupiga pondo. Turubai litafuata ada zikipatikana.

Mwenyekiti