Mheshimiwa Waziri, mimi narudi ila miaka yangu inabaki huku

Mheshimiwa Waziri wa Kazi, shikamoo.

Mimi ni mmoja wa hao mnaotuita diaspora mkija huku kutuhutubia. Wiki mbili zilizopita nimempa bosi wangu barua ya kuacha kazi, miaka 19 sehemu moja, kaisoma akaniuliza mara mbili kama nina uhakika nikamwambia ndiyo, nikatoka pale nikaenda kujifungia chooni robo saa nzima mikono inatetemeka. Hilo hata nyumbani kwangu sijalisema, nakwambia wewe.

Kwenye hotuba zenu mnatuambiaga turudi tujenge nchi, na tunapiga makofi, na kweli wengine tunarudi. Mnaongelea hela tunazotuma, mnaongelea viwanja na uwekezaji. Pensheni kimya. Na mtu wa miaka 49 akishaacha kazi kinachomnyima usingizi ni hicho, wala sio kiwanja.

Yangu iko hivi. Kabla sijaondoka nilifanya kazi huko nyumbani miaka 6, nikakatwa mchango kila mwezi. Nikaja huku nikakatwa tena miaka 19. Jumla 25. Sasa juzi nimepiga simu mfuko wa huko (siutaji jina) dada wa watu kanijibu kwa upole kabisa kwamba yeye anaiona 6 tu, na 6 haifikishi muda wa kulipwa pensheni ya kila mwezi, hiyo 19 "ni ya hao hao wa huko". Wa huku nao wanasema nikihama moja kwa moja nichukue ya mkupuo, tena ile niliyochanga mimi tu, ya mwajiri nisiiulizie. Yaani nimefanya kazi robo karne na pande zote mbili zinaniona kama mpita njia. Kosa langu pia lipo, nilitakiwa niulize kabla ya kuandika barua, ila kwani ubalozi wetu hauna hata karatasi moja ya kutuambia haya mapema?

Na dawa yake ipo siku nyingi. Nchi mbili zinasaini makubaliano, kwenye kuangalia kama mtu kafikisha muda wanajumlisha miaka ya huku na ya kule, halafu kwenye kulipa kila upande unatoa kipande chake kulingana na muda ambao mtu alichangia kwake. ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, ina mkataba wa jambo hili hili, namba 157 wa mwaka 1982. Nchi za Umoja wa Ulaya zinafanyiana hivyo, raia wao anahamahama na miaka yake haipotei. Najua wataalamu wako watakimbilia kusema gharama, gharama, sasa naomba uwaulize gharama ipi, maana hapo serikali haibebi 19 yangu hata kidogo, inalipa 6 tu, ambayo hela yake mlishaikata zamani mimi nikiwa kijana!

La vyombo nalipitia haraka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 wa wafanyakazi wahamiaji, ulioanza kutumika 2003, kifungu cha 46 kinaongelea msamaha wa ushuru kwa vyombo vya nyumbani pale mtu anaporudi kwao moja kwa moja. Mimi vyangu nishagawa, kochi na friji kachukua jirani, kwa hiyo sijipiganii, ila kuna wenzangu watatu kazini wanatoka nchi yetu na wote wamenyamaza wanasubiri waone yangu yataishaje, na hao wana watoto na mizigo.

Ninachokuomba ni uanze mazungumzo na nchi zile ambazo watu wetu wamejaa, hata moja tu ya kuanzia, tujumlishiwe miaka. Mengine ya kukatwa kodi na vyeti kutotambulika tutavumilia kwanza.

Siku yangu ya mwisho kazini ni mwisho wa mwezi ujao. Slipu zangu za mshahara za miaka yote 19 nimezipanga mwaka kwa mwaka, siziweki kwenye sanduku zisije zikapotea njiani, zinakaa begi la mkononi. Nikitua tu nakuja nazo wizarani, kama kuna foleni nitapanga.