Tamthilia ya kihistoria haisomwi kama kitabu cha historia

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme juu ya kosa linalorudiwa sana katika uchambuzi wa tamthilia za kihistoria. Ukiuliza kwa nini mhusika ametenda jambo, mchambuzi hukimbilia kitabu cha historia. Ukimuuliza juu ya Kinjeketile, kiongozi anayewapa watu maji ya dawa ya kuzuia risasi katika tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo kwa jina lake, atakutajia kodi, mashamba ya pamba na ukatili wa Wajerumani. Hivyo ni vyanzo vya Vita vya Maji Maji. Havielezi kwa nini mtu mmoja, pale jukwaani, anakataa kutamka neno moja ambalo lingemridhisha adui yake.

Kinjeketile aliyeishi alinyongwa Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vimeanza. Yule wa tamthilia, iliyochapishwa 1969, yu hai mpaka watu wake wanashindwa, naye yumo kifungoni. Mtunzi hakukosea tarehe. Alimhitaji hai ili Wajerumani wamtake ayakane maji yale wakati kila mtu ameshaona kwamba hayazuii risasi. Mwenyewe ana shaka nayo tangu alipoambiwa aliyoyasema akiwa amepagawa. Hata hivyo anakataa, kwa kuwa neno lake la kukana lingefika kwa watoto wa kesho likiwa ushahidi kwamba wazee wao walikosea kupigana. Angenyongwa mwanzoni, tusingeliona hilo kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika lolote, chora safu mbili: moja ya yaliyotokea, nyingine ya yaliyomo katika tamthilia. Weka alama kila zinapoachana, kisha uliza mtunzi amepata nini kwa kuachana huko. Halafu ingia katika kila onyesho na maswali manne: mhusika anataka nini, kwa nani, kipi kinamzuia, na nani anamsikia? Hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo zito kuliko yote, maana maneno ya mbele ya watu ni chombo cha kuwapata watu.

Chukua Juliasi Kaizari ya Shakespeare, ambayo Julius Nyerere aliitafsiri. Wengi huandika kwamba Brutus, rafiki wa Kaizari aliyeshiriki kumuua, aliponzwa na barua za kughushi za Cassius, mla njama mwenzake, zilizoandikwa kana kwamba zimetoka kwa raia. Hebu fungua kitendo cha pili, onyesho la kwanza. Brutus yuko peke yake, usiku, na anaanza na hukumu: Kaizari lazima afe. Sababu anazitafuta baadaye, tena si za alichokwisha kutenda Kaizari bali za anachoweza kuja kuwa akivikwa taji. Barua inamfikia baada ya hapo. Cassius alikwisha kumchokonoa mapema, ni kweli, lakini barua haikupanda mbegu: ilimpa mtu aliyekwisha kuamua jina zuri la uamuzi wake, kwamba Roma inamwita. Nasi tunajua imeghushiwa, kwa sababu Cassius alitufunulia hila hiyo alipobaki peke yake. Kinaya hicho, yaani sisi kujua asilolijua mhusika, ndicho kinachotuumiza, kwani mwisho wa Kaizari tulikuwa tunaujua hata kabla ya kukaa kitini.

Hotuba za mazishi ya Kaizari nazo husomwa kwa pupa. Brutus anasema kwa nathari, anatoa hoja, anaondoka. Antony, rafiki wa Kaizari, anasema kwa mashairi na kupanga vitu: anautaja wosia wa marehemu na kukataa kuusoma, anashuka kwenye maiti, anaonyesha joho lililotobolewa na kutaja kila tundu ni la kisu cha nani, ilhali hakuwapo Kaizari alipochomwa. Umati unalipuka na kuanza kukimbia, ndipo anapowarudisha na kuwasomea wosia, drakma 75 kwa kila raia. Anayenukuu maneno ya Antony bila kuandika kando yake kitu alichokuwa anaonyesha wakati huo amechambua nusu ya hotuba.

Wako,
Wapenzi wa tamthilia