Wanataka niende visimani peke yangu, usiku. Nikatae vipi bila kupoteza kazi?

Ndugu mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu, hasa mliowahi kushika usukani wa gari kubwa. Nianze na lenyewe: kazini wameniambia kuwa kuanzia zamu ijayo nitakuwa peke yangu kwenye lori la tangi, usiku, kwenye visima vya mafuta. Mimi naona bado. Nikisema bado, nahofia watanihesabu mwoga na kumpa gari mtu mwingine. Nikinyamaza, nitaingia barabarani na mzigo ambao sijauzoea, nikielekea mahali ambapo ukikosea hujui kama utapata nafasi ya kurekebisha.

Usinidhanie kuwa mgeni wa barabara. Nimeendesha malori ya mizigo mikavu kwa miaka mingi: saruji, mbao, makontena. Kufunga mzigo nakujua, kushuka mlima kwa gia badala ya kukanyaga breki mpaka zinuke nakujua. Leseni yangu ni ya daraja linalotakiwa, na cheti cha kubeba mizigo ya hatari nilikuwa nacho kabla sijaomba kazi hii. Nilihamia kwenye mafuta kwa sababu ileile inayowahamisha wengi, mshahara.

Watu wakisikia dereva wa visima vya mafuta hudhani nabeba mafuta. Nabeba maji. Kisima hutoa mafuta pamoja na maji ya chumvi yaliyokuwa chini ya ardhi, na kwenye visima vilivyozeeka maji huweza kuyazidi mafuta kwa mbali. Maji hayo hutenganishwa, hukusanywa kwenye matangi palepale kisimani, kisha sisi huyanyonya kwa pampu na kuyapeleka kwenye kisima kingine cha kuyarudisha ardhini. Kazi hiyo haina usiku wala sikukuu. Tangi la kisimani likijaa na lori halijafika, kisima husimamishwa, na kisima kikisimama simu zinaanza kuita kwa wakubwa, zinashuka ngazi kwa ngazi mpaka zinamfikia dereva.

Sasa nikueleze kinachonitia wasiwasi, maana nisingependa uniambie tu nijikaze.

Mfuko wa saruji ukiuweka unakaa. Maji hayakai. Tangi likijaa sawasawa, gari ni zito lakini unajua litafanya nini. Likiwa nusu, unakanyaga breki, gari linapunguza mwendo vizuri, halafu ukishadhani umemaliza, wimbi linafika mbele na kulisukuma lori zima. Mara ya kwanza lilinifikisha mbali na mstari niliokusudia kusimama, na Mzee aliyekuwa ananifundisha akacheka tu. Kwenye kona ni mbaya zaidi, kwa sababu maji hupanda upande mmoja wakati wewe unakata usukani kwenda upande wa pili, na tangi limekaa juu. Matangi mengine yana kuta za ndani zenye matundu za kulivunja wimbi. Hizo husaidia wimbi la mbele na nyuma. La ubavuni hazilizuii sana. Langu halina hata hizo.

Na mzigo wa nusu si jambo la nadra, ndio kawaida ya kazi. Unafika kisimani, unakuta maji ni kidogo kuliko ulivyoambiwa, mpangaji wa safari anakwambia kwenye redio chukua mapipa 60 yaliyopo uende. Pipa moja la huku ni karibu lita 159. Fanya hesabu: zaidi ya lita 9,500, na kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito kuliko ya kunywa, ni tani 10 na ushee zinazocheza nyuma ya mgongo wako. Barabara yenyewe ni ya changarawe, nyembamba, na vumbi la lori lililotangulia linaweza kukuficha kila kitu. Tunatangaza kwenye redio alama ya kilomita tunayopita ili anayekuja mbele ajue. Asiye na redio, au aliyeizima ili asikilize muziki, hatangazi kitu.

Hayo ya barabarani, nikipewa muda, nitayazoea. Ya kisimani ndiyo yanayoninyima usingizi.

Mzee (namwita hivyo kwa heshima, hajazeeka sana) ni dereva hodari kweli. Anarudisha trela nyuma gizani kati ya mabomba mawili kana kwamba ana macho kisogoni, na waya wa kupeleka umeme tuli ardhini hausahau hata siku moja kabla ya kuunganisha mpira. Lakini akifika kisimani anapanda ngazi ya tangi, anafungua kifuniko cha juu, anainama kuchungulia kiwango cha maji. Kifaa chake cha kupima gesi muda wote huo kinaning'inia kwenye kioo cha ndani ya kabini. Nilipomuuliza akasema, "Kijana, pua yangu inaijua gesi hii kuliko hicho kidude."

Mafunzo ya siku ya kwanza yalisema kinyume kabisa, na nilipokwenda kujisomea nikaona mafunzo yako sahihi. Gesi ya haidrojeni salfaidi ikiwa kidogo hunuka yai viza. Ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni hewani, pua hufa ganzi, unaacha kuinusa wakati imekuzunguka. Na kiwango hichohicho NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inakihesabu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na kando ya matangi. Kwa hiyo pua ya Mzee inafanya kazi pale ambapo haihitajiki, na inamtoroka pale anapoihitaji. Tena si gesi hiyo peke yake. Mwaka 2016 NIOSH na mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, walitoa tahadhari kuhusu kufungua vifuniko vya matangi ya mafuta kwa mkono, baada ya kubaini vifo vya wafanyakazi 9 kati ya 2010 na 2014. Mvuke wa mafuta ukiwa umebanwa ndani hutoka kwa kishindo mara tu unapofungua, unaisukuma hewa ya kupumua, na mtu aliyeinama pale juu anaanguka kabla hajajua kimempata nini.

Karatasi ya taratibu zetu inasema uvae kifaa kifuani karibu na pua, utazame soksi ya upepo (mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unaelekea wapi), usimame upande upepo unapotokea, ufungue kifuniko bila kuinama juu yake, na usifungue ukiwa peke yako. Soma hilo la mwisho tena. Mimi napangiwa kwenda peke yangu. Nilimuuliza msimamizi wa zamu nani atakuwa mtu wa pili. Akajibu, "Si kuna mlinzi getini?" Mlinzi wa getini hana kifaa cha kupima gesi, hana mafunzo, na kutoka alipo halioni tangi.

Halafu kuna suala la malipo, ambalo nilichelewa kuliona. Wakati wa mafunzo nililipwa kwa siku, kwa hiyo sikuwa na haraka. Ukianza kuendesha peke yako unahamishiwa malipo ya tripu. Foleni ya malori mbele yako, pampu iliyokwama, kisima kilichochelewa kufunguliwa, vyote hivyo ni muda wako mwenyewe, haulipwi. Hapo ndipo nilipomwelewa Mzee. Kifaa cha gesi kikilia unatakiwa uondoke, usubiri, upige simu, umngoje mwenye kisima. Tripu moja imekwenda. Anayekiacha kwenye kioo hasikii kikilia. Sidhani kama Mzee ni mzembe. Nadhani amefundishwa hivyo na bahasha yake ya mshahara. Mimi mgeni, ambaye bado nahitaji muda mrefu kuunganisha mpira na kukagua vali, ndiye nitakayelipwa kidogo kuliko wote kwa kufuata taratibu.

Kusubiri pia kunachosha kuliko kuendesha. Unasinzia kidogo kwenye kiti, unaamshwa na honi, unaingia barabarani na macho mazito. Nimesoma kwamba huko Marekani dereva wa mizigo hatakiwi kuendesha zaidi ya saa 11, na zote lazima ziishe ndani ya saa 14 tangu aanze kazi. Lakini baadhi ya madereva wa magari yaliyoundwa mahususi kuhudumia visima huruhusiwa kutohesabu muda wa kusubiri kisimani ndani ya hizo 14. Waliotunga kifungu hicho waliona kusubiri ni kupumzika. Walale wao kwenye kabini iliyo jirani na pampu ya dizeli. Na wakati sote tunaogopa moto na milipuko, kwa miaka mingi takwimu za nchi hiyohiyo zimeonyesha kuwa ajali za magari ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa uchimbaji wa mafuta na gesi.

Mafunzo yangu yalitakiwa kuendelea. Yamekatishwa kwa sababu dereva mmoja wa usiku ameacha kazi na gari lake limesimama. Zamu za usiku nilizofanya na Mzee ni chache, na visima vya upande wa bondeni, ambako gesi ni nyingi, sijawahi kufika kabisa. Nimemweleza msimamizi. Hakunifokea, kusema kweli. Alinipiga begani akasema hakuna aliyezaliwa anajua, wote walianza hivyo. Lakini fomu ya kuthibitisha kuwa nimemaliza mafunzo ameniletea niweke sahihi, na ndani yake kuna mistari ya mambo ambayo sijafundishwa. Bado ninayo. Sijasaini.

Ushauri nimeupata wa kila aina. Dereva mwenzangu anasema nisaini, nichukue gari, halafu kila kisima nikifika nifanye taratibu zote polepole, wakilalamika tripu ni chache niwaonyeshe karatasi yao. Ni wazo zuri, ila linasahau kuwa sahihi yangu ndiyo itakayoletwa mbele yangu siku mambo yakiharibika: si ulisema umefundishwa? Mke wangu anataka nirudi kwenye saruji. Kaka yangu, aliyewahi kufanya kazi migodini, ananiambia nikatae kwa maandishi na nitaje ile kadi tuliyopewa siku ya kwanza, inayosema kila mfanyakazi ana haki ya kusimamisha kazi akiona hatari. Ameniambia hata Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamkinga mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, iwapo ana sababu ya msingi. Nimeusoma. Unazungumzia hatari iliyo karibu. Je, dereva asiyekamilisha mafunzo ni hatari iliyo karibu, au mpaka kifaa kianze kulia? Na kadi yenyewe sijawahi kumwona mtu akiinyanyua. Kuinyanyua ukiwa mgeni, bado uko kwenye miezi ya majaribio ambayo wanaweza kukuachisha bila maelezo mengi, si sawa na kuinyanyua ukiwa Mzee.

Kwa hiyo naomba unisaidie, wewe na wasomaji wenye uzoefu, katika haya. Fomu ile, naweza kusaini ile mistari niliyofundishwa tu na kuacha mingine wazi, na kuandika pembeni kwamba haijafanyika? Au hiyo itaonekana ni ukaidi kuliko kukataa moja kwa moja?

Pili, nifikirie kuomba kitu kidogo badala ya kukataa chote: nipewe zamu za mchana kwanza, au usiku lakini kwa visima visivyo na gesi nyingi, na wiki nyingine na Mzee kwa vile vya bondeni. Niliombe kwa msimamizi wa zamu, ambaye shida yake ni gari lililosimama, au nimruke niende kwa ofisa usalama? Kumruka bosi wako wa karibu ukiwa mgeni kuna gharama zake, na sijui kama ofisa usalama atanilinda jina.

Tatu, na hili namwuliza hasa aliyewahi kulipwa kwa tripu. Kuna mahali mlifanikiwa kudai muda wa kusubiri ulipwe? Mliupataje, mlikwenda kama kikundi au mmoja mmoja? Nikipata hilo, mengine mengi nadhani yatapungua yenyewe.

La Mzee naliweka mwisho kwa sababu ni gumu kwangu. Nampenda, amenifundisha bila choyo. Sitaki kupeleka jina lake ofisini, na wala sitaki nisikie siku moja ameokotwa chini ya ngazi ya tangi. Nimemgusia mara moja, akageuza maneno kuwa utani. Mtu mzima kama huyo, aliyekuzidi umri na kazi, unamwambiaje avae kifaa chake bila kumvunjia heshima?

Msimamizi anataka fomu Jumatatu asubuhi. Jibu likichelewa kuchapishwa, nitashukuru hata kwa maneno machache kwa namba ya simu niliyoituma pamoja na barua hii, ambayo naomba msiichapishe.

Wako,
Dereva mgeni wa tangi