Kliniki ya Himo sasa ni Jumamosi, tarehe 6 Juni

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kliniki yetu ya watoto wenye mguu kifundo, yaani mguu uliopinda tangu kuzaliwa, imesogezwa kutoka Jumatano, tarehe 3 Juni, ambayo ni Siku ya Mguu Kifundo Duniani, ili akina mama wanaofanya vibarua katikati ya wiki nao waweze kufika. Tutaondoka stendi kuu ya Moshi saa 12:30 asubuhi, na kazi itaanza kituo cha afya saa 2:00.

1. Mchango wa nauli na chai ni shilingi 10,000, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

2. Wataalamu wa fiziotherapia watafunga mahogo, yaani plasta ngumu za kunyoosha mguu. Wanafunzi wataandikisha watoto.

3. Wanaozungumza Kichaga wakae na wazazi ambao watoto wao wamemaliza mahogo. Hapa panahitaji subira kuliko kwingine, kwa sababu mguu ukishanyooka mzazi huona kazi imekwisha, ilhali kwa njia ya Ponseti, yaani matibabu haya ya mahogo yanayofuatwa na viatu maalumu, viatu vyenye kipande cha chuma huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha wakati wa kulala hadi mtoto afikishe miaka 4 au zaidi. Tusimlaumu mzazi yeyote. Mwonyesheni jinsi kisigino kinavyopaswa kukaa chini kabisa ndani ya kiatu, kisha afunge mikanda mwenyewe mbele yenu.

Tafadhali kila mmoja athibitishe humu kabla ya Jumatano saa 2:00 usiku, akitaja kazi atakayofanya, ili tukodi gari la kututosha.

Asanteni sana,
Mratibu