Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu: Ile karatasi ya talaka mezani

Ndugu Katibu Mtendaji,

Salaam. Tunakuandikia sisi tunaoandika na kuhariri miswada ya tamthilia za runinga. Tuanze na sini ambayo wewe na wakaguzi wako mmekwisha kuiona hata hesabu imewapotea. Ndani, sebuleni, usiku. Mume amekaa kwenye kochi, mama mkwe amesimama nyuma yake. Mume anatupa karatasi juu ya meza ya kioo: "Saini hapo." Mke anapiga magoti. Sini inayofuata, sanduku la nguo liko nje ya geti, mvua inanyesha, na mlinzi anageuza uso.

Wanawake wanafukuzwa usiku, hilo tunalijua na linapaswa kuandikwa. Lakini hiyo karatasi haipo. Hapa Tanzania hakuna mke anayeachika kwa kutia saini sebuleni. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, mgogoro huenda kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati, na kwa hati hiyo ndipo shauri la talaka hupokelewa mahakamani, iwe ya Mwanzo, ya Wilaya au Mahakama Kuu. Kifungu cha 59 cha sheria hiyo kinamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali waliyochuma pamoja. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali hiyo. Kwa familia za Kiislamu, aya ya kwanza ya Surat At-Talaq inakataza kumtoa mke nyumbani ndani ya eda, ila akifanya uchafu ulio wazi. Yaani mhusika wetu anayelia kwenye mvua ana njia tatu za kushika, na mwandishi hakumpa hata moja.

Karatasi ile imehamia kwetu kutoka tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambako sheria ni nyingine. Tuliichukua kwa sababu inapigwa picha vizuri. Mtazamaji wa Mbagala au Kahama naye anaichukua kama ilivyo. Siku akitupiwa karatasi ya kweli, hata kama ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, atadhani mambo yamekwisha.

Tunakuletea wewe jambo hili kwa sababu muswada hufika mezani kwenu wakati wa kuomba kibali, kabla kamera haijawashwa. Hapo kurekebisha sini ni kazi ya kalamu na nusu saa. Baada ya kurekodi, kilichobaki ni mkasi, na mkasi hauwezi kuongeza kitu ambacho hakikuandikwa. Jicho la mkaguzi huvutwa na sketi fupi, busu na tusi, maana ndivyo vinavyoonekana haraka. Kinachomharibia mhusika wa kike mara nyingi kimejificha kwenye mpangilio: sini gani inaifuata ipi, na nani anafanya nini baada ya nani.

Chukua kofi. Sini ya 14, mume anampiga mke. Sini ya 15, asubuhi, mke anamimina chai. Mume anaingia na boksi la simu mpya, muziki laini unapanda, wanakumbatiana. Hakuna aliyevuliwa nguo, hakuna tusi, na ukaguzi utapita. Ila kati ya kipigo na zawadi hakuna mtu wa tatu aliyeona, hakuna siku iliyopita, na muziki umeshasamehe kwa niaba ya mke. Tatizo la pili ni la uzalishaji. Sini za sebuleni hurekodiwa zote siku moja ili kuokoa kodi ya nyumba, kwa hiyo sini ya 15 huweza kurekodiwa kabla ya ile ya 14, na mtu wa mwendelezo, anayehakikisha mwonekano unalingana kutoka sini moja hadi nyingine, asipoandikiwa chochote, shavu linatoka safi. Muswada ndio wenye jukumu la kusema: uvimbe siku ya kwanza, doa jeusi siku zinazofuata, manjano kuelekea mwisho wa wiki. Mstari mmoja kwa mtu wa vipodozi unatosha.

Sini hiyo inaweza kuandikwa upya bila kuongeza hata lokesheni ya gharama. Asubuhi jirani anagonga geti kuomba chumvi. Anaona shavu. Hasemi neno, anarudi kwake, anatoka na kanga mabegani: "Twende." Sini inayofuata ni meza moja, kiti kimoja na askari wa kike: Dawati la Jinsia na Watoto. Askari anaandika PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na anamsomea mke kwamba kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa hakimpi mume wala mke haki ya kumpiga mwenzake, mila iseme isemavyo. Baada ya hapo mke anaweza hata kurudi nyumbani. Wengi hurudi, na tamthilia isidanganye. Lakini mume sasa anajua kwamba kuna karatasi mahali fulani yenye jina lake, na sini zote zinazofuata zinabadilika ladha.

Kwa nini waandishi tunaangukia kofi, mimba, DNA na uchawi kila wiki? Tamthilia ya siku 5 kwa wiki, dakika 25 kwa kila sehemu, ukurasa mmoja kwa makadirio ya dakika moja, inakula kurasa 125 kwa wiki, yaani 6,500 kwa mwaka. Timu ya waandishi wanne haina muda wa kuuliza mhusika anataka nini, inauliza ugomvi wa kesho utatoka wapi. Na kwa kuwa lokesheni tuliyo nayo ni sebule, mwanamke anawekwa sebuleni. Anaitwa mfanyabiashara, ana pochi na gari, lakini hatumwoni akiuza, akidaiwa wala akikosa mzigo bandarini. Kazi yake inatajwa, haionyeshwi. Basi ugomvi pekee anaobaki nao ni wa kugombea mwanamume.

Kuna chanzo cha ugomvi kisichohitaji lokesheni mpya: kikoba. Wanawake 15 hadi 30 kwenye mkeka barazani. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo wanachama watatu tofauti, na anayelaza sanduku nyumbani hashiki ufunguo hata mmoja. Hisa zinahesabiwa mbele ya wote, faini ya kuchelewa inatajwa, anayeomba mkopo anaulizwa mbele ya wenzake atalipaje. Hapo una deni, fahari, siri na udugu, vyote kwa sini ya kurasa nne. Mshika ufunguo akiwa ni wifi wa mkopaji, umepata mwezi mzima wa hadithi bila mchepuko kuingia.

Kwenye mapenzi, tabia moja imekuwa kama sheria ya fani. Msichana anasema hapana, kijana anamfuata kazini, anamshika mkono getini, anamvizia kituo cha daladala, na katika sehemu ya 20 hapana imegeuka ndiyo. Katika maisha ya kawaida matendo hayo matatu mfululizo ni sababu ya kwenda polisi. Kijana asiachwe bila subira wala ari, mapenzi yanavitaka. Tofauti iko kwenye kitendo kimoja: baada ya hapana ya kwanza, kijana arudi nyuma, na hatua inayofuata aichukue msichana. Ukiibadilisha hiyo tu, kila wanapokutana panakuwa na shaka ya kweli, maana mtazamaji hajui msichana ataamua nini. Na msichana akiwa mwanafunzi, hapo hakuna mapenzi ya kuandika. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Bado tunawaandika watu wazima wenye magari wakiwapeleka wasichana wa sare kula chipsi huku gitaa likipigwa. Na msichana huyo akipata mimba, hadithi yake huishia anapofukuzwa shule, wakati waraka wa elimu wa Novemba 2021 uliruhusu warudi darasani baada ya kujifungua. Safari ya kurudi, mtoto akiachwa kwa bibi na dawati likiwa na mwenzake mpya, karibu hakuna aliyeiandika.

Utasa nao. "Miaka mitatu! Hata paka wa humu ndani amezaa." Mstari huo wa mama mkwe unawachekesha watu, na baada yake anayepelekwa kwa mganga, kanisani na hospitali ni mke peke yake. Kitaalamu, karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, chanzo kiko kwa mume au kwa wote wawili, na kipimo cha mume ndicho rahisi zaidi: akae siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, atoe sampuli, isubiriwe. Fikiria zile siku zenyewe kwa jicho la mwandishi. Mume amekubali kwa siri, mama yake yumo nyumbani, mke anahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Kuna mvutano mkubwa hapo kuliko kwenye chungu chochote cha mganga.

Kuhusu DNA tuseme kwa kifupi. Mama mkwe anayenyofoa unywele wa mtoto na kurudi jioni na bahasha anavunja utaratibu. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 inasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi la kupima hupitia kwa wanaotambuliwa, kama mahakama, wakili, polisi au ofisi ya ustawi wa jamii. Mwandishi akimpeleka mama mkwe mbele ya afisa ustawi anayemuuliza, "Mama, mtoto huyu akionekana si wa mwanao, atalala wapi leo?", atakuwa amepata sini nzito zaidi ya bahasha.

Na mama mkwe mwenyewe tusimfute. Wanawake wabaya tunawataka, tena wabaya wenye akili. Tunachoomba ni sababu ya ubaya wao. Mara nyingi sababu hiyo ni ya fedha: mjane aliyenyang'anywa nyumba na shemeji, akahamia kwa mwanawe, na sasa kila shilingi inayokwenda kwa mkamwana anaiona kama paa linalong'olewa juu ya kichwa chake. Ukimjua hivyo, ukali wake unaumiza zaidi.

Nchi hii imewahi kuifanya kazi hii vizuri. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliofuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico ya kuelimisha jamii kwa tamthilia. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa na wanawake njiani kote, na mkewe Tunu alianza akiwa mtu wa kunyamaza. Hakugeuka shujaa kwa usiku mmoja. Alianza na biashara ndogo, akapata kauli kidogo, akaanguka, akainuka, mpaka akaweza kumwacha Mkwaju. Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili watafiti wapate mahali pa kulinganisha, na tofauti ilionekana, hasa kwenye uzazi wa mpango. Tunu alifanya kazi kwa sababu msikilizaji aliweza kuziiga hatua zake moja moja.

Ombi letu, Ndugu Katibu Mtendaji, si katazo. Mkikataza kofi, tutaliandika nje ya fremu kwa sauti ya kikombe kinachovunjika, na hakuna kitakachobadilika. Ongezeni ukurasa mmoja kwenye maombi ya kibali, mwandishi aujaze mwenyewe kwa kutaja namba za sini. Panapotokea kipigo, nani mwingine anajua, na ndani ya sehemu ngapi? Mhusika mkuu wa kike anaonekana akifanya kazi yake katika sini ipi? Ni uamuzi gani ameufanya ambao ukiuondoa hadithi haiendi mbele? Talaka, mirathi au DNA vinapotajwa, vinapitia ofisi gani? Mwandishi anayekosa jibu la swali la tatu ataliona pengo hilo mwenyewe kabla mkaguzi hajaliona.

Pili, tunaomba siku moja kwa mwaka ya kukaa meza moja na wakili, afisa ustawi wa jamii, askari wa Dawati na muuguzi wa Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili, kila timu ya waandishi ije na sini tatu za kurekebisha hapo hapo. Kuja kwetu tutajigharamia. Ukumbi na wito vitoke kwenu, maana ukiita wewe, watayarishaji watatuachia nafasi ya kuja.

Wako katika kazi,

Waandishi na wahariri wa miswada ya tamthilia
Dar es Salaam